Usiitupe Karatasi

Keti, mwanangu. Sikukuita nikugombeze, nguvu za kugombeza sina tena. Jumamosi nilikuona ukiikunja karatasi yenye hatua za mchezo wako na kuitia kapuni, na si mara ya kwanza.

Mchezo ule ulikuwa wako. Ulibaki na ngome na askari mmoja, mwenzako ana ngome peke yake. Mfalme wako amesimama mraba wa mwisho, mbele ya askari wako aliyekwisha kufika safu ya saba, na mfalme wa mwenzako umemfungia nje. Hali hiyo huitwa ya Lucena, na wacheza sataranji wameijua kwa karne nyingi. Unaipeleka ngome yako safu ya nne, unamtoa mfalme, na shaha zikianza kumwandama, ngome inakuja kumkinga kama daraja. Basi. Wewe ulihangaika mpaka ikawa sare, kisha ukainuka unalaumu ufunguzi, unataka kitabu kingine cha ufunguzi wa Sisilia.

Hukuhitaji Sisilia. Ulihitaji jioni moja na kete tano ubaoni. Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alihimiza watu wasome mwisho wa mchezo kabla ya mwanzo wake, na mimi nakusihi hivyo hivyo, kwa sababu kete zikiwa chache ndipo utajua kila moja inaweza nini.

Uko kwenye pointi 1600 hivi, na moyo wako uko 2300, ambako FIDE, shirikisho la dunia, humpa mtu cheo cha ufundi. Aliyekuzidi pointi 400, ukicheza naye mara kumi utaambulia ushindi mmoja hivi, au sare mbili. Wewe umebakiza 700. Sisemi haya kukuvunja moyo. Nasema ili ujue kwamba safari hii haiendwi kwa michezo ya dakika tatu kwenye simu, usiku kucha.

Mtafiti Mholanzi, Adriaan de Groot, aliwahi kuwaonyesha wachezaji ubao wenye kete za mchezo kwa sekunde chache, kisha akauondoa. Fundi alizirudisha karibu kete zote mahali pake. Wa kawaida alikwama mapema. Baadaye, mwaka 1973, watafiti Chase na Simon kule Marekani walizitawanya kete ovyo, pasipo mchezo wowote ndani yake, na hapo fundi akawa karibu sawa na mwanafunzi. Nimelitafakari jambo hili miaka mingi. Fundi hakupewa kichwa kisichosahau. Hali ile, au inayofanana nayo, alikwisha kukutana nayo mara nyingi, akakaa nayo mpaka akaielewa. Wewe pia unakutana nazo, kila Jumamosi, halafu unazitia kapuni.

Nami nilipoteza miaka ishirini hivyo, mwanangu. Nilicheza kila jioni, nikawafunga wale wale, nikafungwa na wale wale, hata siku moja nikagundua kuwa kosa langu ni lile lile nililokuwa nalo nikiwa na umri wako: naogopa kubadilishana malkia. Lilikuwamo katika kila karatasi niliyoitupa. Linaniuma mpaka leo, na sitaki nilione kwako.

Botvinnik, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948, aliichambua michezo yake mwenyewe bila kujionea huruma, akahimiza uchambuzi wa namna hiyo uchapishwe ili wengine waukosoe. Sikudai uchapishe. Andika tu pembeni ya kila hatua ulikuwa unawaza nini, kabla hujaiuliza mashine ya sataranji. Mashine itakuonyesha hatua iliyofaa, lakini haijui wewe uliogopa nini.

Kesho baada ya alasiri njoo, simu iache nyumbani. Mchezo wa Jumamosi uandike upya kutoka kichwani. Ukikwama hatua ya 19, acha hapo hapo. Kumbukumbu yako ilipokatika ndipo tutakapoanzia.