Upole wa Mbele za Watu

Asubuhi ya Jumapili nyumba zetu nyingi zinafanana. Ibada inaanza saa tatu, chai bado iko jikoni, na mtoto hakioni kiatu chake kimoja. Tunamwita mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu tunafoka. Tunamwambia maneno ambayo hata jirani mgomvi hatujawahi kumwambia. Katikati ya kelele hizo simu inaita. Ni mzee wa kanisa. Papo hapo sauti yetu inalainika: "Bwana asifiwe, baba! Tuko njiani, tunakuja." Mtoto amesimama, kiatu kimoja mguuni, anatutazama.

Mtoto huyo ameona jambo ambalo sisi wenyewe hatupendi kuliona. Tunapoungama hasira zetu huwa tunasema, "Zilinishinda." Lakini simu ile imetoa ushahidi dhidi yetu. Kama hasira ingekuwa imetushinda kweli, mzee wa kanisa naye angeipata sehemu yake. Nguvu ya kujizuia tulikuwa nayo. Tulichokosa ni kumwona mtoto kuwa anastahili heshima ile ile.

Hapo ndipo swali la upole linapokuwa gumu. Mbele ya bosi tunameza maneno. Kwa dada wa kazi na kwa kondakta wa daladala tunayatema. Je, huo ni upole, au ni woga uliovaa nguo za ibada? Upole unaoangalia cheo cha mtu ni hesabu tu ya nani anaweza kutudhuru na nani hawezi.

Paulo, katika Wagalatia 5:22-23, anaanza na upendo na kumalizia na upole na kiasi. Wala hasemi matunda, anasema tunda, moja. Kwa hiyo kiasi kisicho na upendo hubaki kuwa adabu ya kujilinda. Na neno kiasi lenyewe linatufundisha. Mpishi hasemi chumvi ni mbaya. Anaangalia imeingia kiasi gani. Kosa la kupoteza kiatu lina kipimo chake. Sisi tulimmwagia mtoto hasira za kodi ya nyumba, za kazini na za foleni ya juzi.

Mtu atauliza: je, tusikemee kabisa? Yesu mwenyewe hakupindua meza hekaluni? Ni kweli, alipindua. Lakini tutazame hasira yake ilielekea wapi. Alichukizwa wanafunzi walipowazuia watoto wasimfikie (Marko 10:14). Alipotukanwa yeye mwenyewe, Petro anashuhudia kwamba hakurudisha tusi (1 Petro 2:23). Hasira yake iliwatetea wadogo. Yetu mara nyingi huwaangukia.

Tena tusidhani kwamba upole ukishapatikana umepatikana. Hesabu 12:3 inamtaja Musa kuwa mpole kuliko watu wote. Sura nane baadaye dada yake Miriamu amefariki, watu wananung'unikia maji, na mpole huyo anawaita waasi na kuupiga mwamba mara mbili, ingawa aliagizwa auambie tu. Msiba na uchovu havikumwondolea hatia, lakini vinatuonya tuzijue saa zetu za hatari: tukiwa na njaa, tumechoka, tumechelewa. Saa hizo tuombe kabla ya kufungua kinywa. Na viatu tuvitafute Jumamosi jioni, kwa maana kujiandaa nako ni sehemu ya kiasi.

Tukishindwa tena, turudi kwa yule tuliyemfokea. Ni rahisi kutubu mbele za Mungu kanisani huku mtoto ameketi kando yetu, hajaambiwa neno. Tuiname, tumwite kwa jina lake, tuseme, "Nisamehe mwanangu, nimekukosea." Hilo halitatupunguzia heshima ya uzazi. Na siku hiyo naye atakuwa ameisikia, ikielekezwa kwake, ile sauti yetu ya kwenye simu.