Kukumbuka Tusichokiona

Tarehe 7 Januari 2014 mwenge uliwashwa katika kituo cha kumbukumbu cha Gisozi, jijini Kigali, mahali walipozikwa zaidi ya watu 250,000. Ulizungushwa nchi nzima, wilaya moja ikiukabidhi kwa nyingine mpaka zote 30 zikatimia, na tarehe 7 Aprili ukarejea Gisozi, siku Rwanda ilipotimiza miaka 20 tangu yaanze mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watanzania wanaujua vizuri utaratibu wa namna hii, maana Mwenge wa Uhuru wameukimbiza miaka mingi tangu Luteni Alexander Nyirenda aliposimama nao kileleni Kilimanjaro mwaka 1961. Lakini safari ya Gisozi iliibua swali gumu kuliko la uhuru. Wengi wa vijana waliokuwa wakikabidhiwa kumbukumbu hii walizaliwa baada ya 1994, na leo Wanyarwanda wa namna hiyo ni zaidi ya nusu ya nchi. Je, mtu anaweza kulikumbuka jambo ambalo hakulishuhudia, na akafanya hivyo kwa haki? Nasema anaweza. Ila anachopokea si maumivu ya aliyemtangulia. Anapokea dhamana ya ukweli wake, na dhamana hiyo inamtaka akihakiki alichopewa kabla hajakipeleka mbele.

Pingamizi la kwanza lina uzito. Kumbukumbu, watasema, ni mali ya aliyekuwepo. Aliyejificha kwenye dari siku nyingi akisikiliza nyayo chini yake ana kitu ambacho hakuna sherehe inayoweza kumhamishia mwingine, na kijana anayesema “tunakumbuka” anaazima neno lisilo lake. Ni kweli kwamba hofu ya dari ile haihamishiki, na ni utovu wa adabu kijana kujifanya anayo. Lakini tukisema kwamba ukweli hufa na shahidi wake wa mwisho, dini zetu kubwa zingekuwa zimekufa zamani. Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya kifo na maziko ya Yesu, anasema wazi kwamba anawapa kile alichokipokea yeye mwenyewe. Imam Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, alizaliwa mwaka 810, miaka karibu 180 baada ya kufariki Mtume. Yeye na wanazuoni wenzake hawakudai kuona. Walichofanya ni kumchunguza kila mpokezi katika mlolongo wa hadithi: aliishi lini, alikutana kweli na huyo anayemtaja, kumbukumbu yake ilikuwa thabiti, alijulikana kwa ukweli au kwa uzushi? Hadithi ilikubaliwa kwa uaminifu wa mikono iliyoipitisha, na mpokezi mmoja dhaifu alitosha kuitia shaka. Kwa hiyo kutokuwepo hakumnyimi mtu sifa ya kuwa shahidi wa pili. Kunamwongezea kazi.

Kanuni za mbio za kupokezana vijiti zinaieleza kazi hiyo kwa usahihi. Kijiti hakirushwi, hupokelewa mkono kwa mkono ndani ya eneo maalumu. Makabidhiano huanza pale mpokeaji anapokigusa na huisha kinapokuwa mkononi mwake peke yake, maana yake kuna kitambo ambacho wakimbiaji wawili wanakishika pamoja. Kikianguka, anayeruhusiwa kukiokota ni yule aliyekiangusha. Hakuna mkimbiaji anayemaliza mbio zote, na hakuna anayeweza kujitetea kwamba kipande chake kilikuwa kifupi. Waraka kwa Waebrania unalipeleka wazo hili mbali zaidi. Baada ya kuwataja waliokufa wakiwa na imani bila kukipata kilichoahidiwa, unasema kwamba wao wasingekamilishwa pasipo sisi, kisha papo hapo unatuita kwenye mashindano ya mbio. Fundisho lake ni kwamba maana ya maisha ya waliotangulia haijafungwa. Sehemu yake imebaki mikononi mwa wanaofuata. Ndivyo ilivyo Rwanda: aliyeuawa Nyamata au Murambi mwaka 1994 hawezi tena kusema alikuwa nani. Kama hatasemewa kwa ukweli, muuaji atakuwa amepata alichokitaka.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi zito zaidi: kupokezana hakukifanyi kitu kuwa chema. Mbio za mwenge wa Olimpiki zilibuniwa kwa ajili ya michezo ya Berlin ya 1936, chini ya utawala wa Hitler. Zaidi ya wakimbiaji 3,000 waliupitisha moto kutoka Olympia hadi Ujerumani, katika mienge iliyotengenezwa na Krupp, kampuni ya silaha. Rwanda haihitaji hata kwenda Berlin kutafuta mfano. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliandika kabila kwenye vitambulisho, na mtoto akarithi neno la baba yake kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1994 neno hilo likasomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na kwa wengi likawa hukumu ya kifo. Huo nao ulikuwa urithi uliopita mkono kwa mkono, na waliopokea hawakuuliza. Historia hii haitufundishi kuacha kupokezana, kwa kuwa nafasi inayoachwa wazi na ushahidi hujazwa na uvumi. Inatufundisha kwamba mpokeaji asiyehakiki ni hatari. Mahakama za gacaca, za wananchi wenyewe, zilizosikiliza kesi za mauaji hayo na kufungwa Juni 2012 baada ya kushughulikia kesi karibu milioni 2, zilikuwa na kasoro zake: washtakiwa hawakuwa na mawakili, na wapo waliotoa ushahidi wa uongo. Hata hivyo zililinda jambo moja la msingi. Shahidi alisema mbele ya majirani walioijua njia, nyumba na siku aliyoitaja, nao waliweza kumpinga papo hapo. Kumbukumbu ya taifa inayoogopa kuulizwa maswali na vijana wake imejinyima ulinzi huo.

Linabaki pingamizi la haki. Kijana hakuchagua kuzaliwa Rwanda, wala hakumchagua baba yake. Kwa nini atwishwe mzigo wa 1994? Darasa moja la Kigali linaweza kuwa na mtoto wa aliyenusurika na mtoto wa aliyefungwa kwa kuua, wakitumia kitabu kimoja. Hapa lazima tutenganishe hatia na wajibu. Hatia hairithiwi. Ezekieli, katika sura ya 18, anaikataa kabisa dhana kwamba mtoto hulipa uovu wa baba, na Kurani imerudia zaidi ya mara moja kwamba hakuna nafsi itakayobeba dhambi za nafsi nyingine. Anayemtazama mtoto wa mfungwa kama mfungwa anarudia kosa la kitambulisho, la kumhukumu mtu kwa neno alilorithi. Lakini wajibu hauhitaji kosa ili uwepo. Tunalinda mito na misitu tusiyoiharibu sisi, na tunalipa madeni ya nchi tusiyoyakopa. Mtoto wa mfungwa na mtoto wa mnusurika wanakutana kwenye wajibu huo wakiwa sawa, wote wakiwa wapokezi wa ukweli wa matendo ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyatenda.

Tukikubaliana na hayo, kuna la kufanya kwa kila upande, na muda si mwingi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1994 sasa amevuka 50. Taifa limo ndani ya kile kitambo ambacho mikono miwili bado inakishika kitu kimoja, na halitakuwa humo milele. Wazee wanapaswa kueleza majina, mahali na tarehe, pamoja na yale yanayowaaibisha, kwa sababu ushahidi uliopambwa huvunjika ukifika kwa mpokezi wa tatu. Vijana wanapaswa kusikiliza wakiwa na maswali: ulikuwa wapi, ulimwona nani, umejuaje? Anayeuliza hivyo kwa heshima hamkosei mnusurika. Anajiandaa kumtetea siku atakapotokea mtu wa kukanusha, na shahidi wa kwanza hayupo tena kujibu.