Suti ya Bei Nafuu na Heshima ya Mtu

Liko swali moja ambalo watu hulidhani dogo kwa sababu ni la nguo. Kijana aliyemaliza masomo ameitwa kwenye usaili wa kazi. Mwezi uo huo rafiki yake anaoa, naye amechaguliwa kuwa mpambe wa bwana arusi. Suti hana, na fedha alizo nazo ni chache. Basi awaendea watu wawili kutaka shauri. Wa kwanza amwambia, "Mwanangu, watu hutazama nguo kwanza. Kopa, ukanunue suti ya thamani, utalipa baadaye." Wa pili amwambia, "Mwanangu, nguo ni ubatili. Nenda kama ulivyo. Akudharauye kwa ajili ya koti hafai kuwa bwana wako." Je, ni nani asemaye kweli?

Kila mmoja ameshika nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kumpoteza mtu sawasawa na uongo mzima. Haya, tulichungue jambo hili polepole.

Kwanza yafaa tujue suti ya dukani ilitoka wapi. Zamani huko Ulaya na Marekani koti la heshima lilishonwa na fundi kwa ajili ya mtu mmoja, kwa kipimo cha mwili wake, na gharama yake ilikuwa kubwa. Maskini alivaa kilichoshonwa nyumbani, au kilichochakaa mwilini mwa mwingine. Mwaka 1849 duka la Brooks Brothers mjini New York likaanza kuuza suti zilizokwisha shonwa. Wakati ule ule cherehani ilikuwa inaingia kazini: Elias Howe alipata hati ya mashine yake mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851, yule ambaye jina lake twalisoma hata leo juu ya vyerehani vya barazani kwetu. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, tangu 1861 hata 1865. Jeshi lilihitaji sare nyingi kwa haraka, askari wakapimwa kwa maelfu, na washonaji wakaona ya kuwa vipimo vya miili hurudiarudia: mwenye kifua cha namna hii, mara nyingi kiuno chake ni cha namna ile. Vita vilipokwisha, elimu hiyo ikatumiwa kushona nguo za raia. Hata baada ya vita vikuu vya pili, serikali ya Uingereza iliwapa askari waliotoka jeshini suti ya kiraia, ili wasirudi kutafuta kazi hali wamevaa nguo za vita.

Habari hizi zatufundisha jambo moja. Suti ya dukani haikuanza kuwa pambo la matajiri. Iliwawezesha karani, seremala na mwuza duka kusimama mbele ya watu pasipo kuona haya. Kwa hiyo mtu asiidharau kwa kuwa haikushonwa kwa kipimo chake, wala asimcheke aliyeinunua.

Walakini wanadamu wana tabia ya kugeuza kila kitu kuwa mashindano, na heshima ya nguo haikai mahali pamoja. Itazameni suti ya Kaunda, iliyoitwa kwa jina la rais wa kwanza wa Zambia, Kenneth Kaunda, aliyefariki mwaka 2021. Nguo ile isiyohitaji tai ilivaliwa na viongozi wengi wa Afrika, na watu waliiona kuwa alama ya uhuru na ya kutojikweza. Lakini mwezi wa Novemba mwaka 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya alikataza kuivaa bungeni, hali Rais wa nchi ile mwenyewe alikuwa akionekana mara nyingi ameivaa. Je, nguo ilikuwa imebadilika? La, kitambaa kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni mapatano ya watu.

Basi nguo ni kama usemi. Neno halina maana peke yake. Hupata maana kwa sababu wasemao wamepatana. Vivyo hivyo suti: hapa yasema heshima, pale yasema kiburi, na kwingine haisemi neno. Na ikiwa nguo ni usemi, swali letu si tena kwamba yafaa kuvaa suti au haifai. Swali ni hili: suti yangu yasema nini, na je, yasema kweli?

Mtu aendaye kwenye usaili amevaa suti safi iliyomkaa vema awaambia wenye kazi, "Nimewaheshimu, hata nikajitayarisha kabla ya kuja kwenu." Aendaye mazikoni amevaa koti lake jeusi awaambia wafiwa, "Siku hii kwangu si kama siku nyingine." Maneno hayo ni ya kweli kinywani mwa maskini kama yalivyo kinywani mwa tajiri, wala hayahitaji kitambaa cha bei kubwa. Hapo ndipo yule mshauri wa pili alipokosa. Mwenye nguo safi sandukuni, naye aenda mazikoni na nguo za shambani, huyo hakunyenyekea. Amekataa tu kusema neno la heshima lililompasa. Martin Luther naye, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alihesabu mavazi na viatu pamoja na chakula katika riziki ya kila siku. Kitu tunachoruhusiwa kukiomba hatuna sababu ya kukionea haya.

Lakini suti yaweza kusema neno jingine: "Mimi ni tajiri." Labda mmeona kile kitambaa kidogo chenye jina la kiwanda, kilichoshonwa juu ya mkono wa koti, karibu na vifungo. Kiwanda hukitia kwa nyuzi chache ili suti itambulikane dukani, na mnunuzi hutazamiwa akiondoe kabla ya kuvaa. Wengi hawalijui jambo hilo, na kutojua si aibu. Ajuaye na amwambie mwenzake faraghani, asimcheke mbele za watu. Lakini yuko mwingine ajuaye, naye hukiacha makusudi ili jina lisomwe. Huyo hakuvaa nguo, amevaa bei.

Na sasa tuje kwenye deni. Suti ya deni kubwa yasema uongo ulio mbaya zaidi, kwa kuwa hudanganya nyumbani pia. Baba anang'aa arusini, na ada ya shule ya mtoto imetumika. Watu humsifu, wala hawajui ya kuwa koti wanalolisifu bado ni la aliyemkopesha. Wazee walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ya mkopo nadhani husitiri kwa siku moja tu.

Mtu mmoja atanijibu, "Wewe wasema hivyo kwa kuwa una kazi. Asiye na suti hapokelewi, asiyepokelewa hapati mshahara, na asiye na mshahara hawezi kununua suti. Atatokaje katika mzunguko huo asipokopa?" Neno hili ni zito, wala sitalipuuza. Seremala asiye na randa huenda akalazimika kukopa apate kuinunua, na hakuna amwitaye mpumbavu. Kwa hiyo sisemi kwamba kila deni la nguo ni ovu. Nasema mtu ajiulize mambo matatu. Je, suti hii itanitumikia tena baada ya siku ile, kama randa imtumikiavyo seremala? Je, naweza kuilipa kwa riziki niliyo nayo sasa, si kwa ile ninayoitumaini tu? Na je, ningeweza kuwaambia watu wa nyumbani mwangu bei yake pasipo kuificha? Akijibu ndiyo mara tatu, na anunue kwa amani. Akijikwaa katika moja, na ashuke bei mpaka aweze kujibu. Mtu hujikuna ajipatapo.

Walakini tusimlaumu mvaaji peke yake, kana kwamba watazamaji hawana hatia. Waraka wa Yakobo, katika mlango wa pili, wawakemea wale waliomkaribisha mtu wa nguo nzuri kwenye kiti chema, wakamwacha maskini asimame. Lawama pale haikumwangukia aliyevaa vizuri wala aliyevaa vibaya, iliwaangukia waliotazama. Basi kamati ya arusi inayowaagiza wapambe sita kununua suti mpya za rangi moja, rangi ambayo hakuna atakayeivaa tena, yawatwika wenzake mzigo, nayo yauita furaha. Mmoja wa wale sita hukosa nguvu ya kusema, "Siwezi," naye huenda kukopa. Je, haingetosha kuwaambia, "Kila mtu aje na suti yake ya rangi ya giza, nasi tutawapa tai za namna moja"? Vile vile mwajiri anayempima karani kwa koti, asimpime kwa hesabu zake, ajidhulumu mwenyewe, maana atapata koti zuri na hesabu mbovu.

Liko na jambo jingine. Tusemapo bei nafuu, yatupasa kuuliza: nafuu kwa nani? Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na mji wa Dhaka katika Bangladesh, lilianguka, na washonaji zaidi ya 1,100 wakafa, waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa rahisi nchi za mbali. Kuhusu mitumba pia yako mashindano ya maneno. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa kidogo kidogo, ili viwanda vyetu viinuke. Rwanda ilipandisha ushuru sana, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafuu ya kuingiza nguo zake bila ushuru. Majirani zake walikuwa wamekwisha rudi nyuma. Wengine husema mtumba huua kazi ya fundi wetu. Wengine husema bila mitumba ya Karume au Gikomba wengi wasingepata koti la sufu maisha yao yote. Mnunuzi wa suti moja hawezi kuimaliza kesi hiyo. Lakini awezalo ni hili: anunue moja, aitunze miaka kumi, asinunue tatu za ovyo kwa miaka mitatu; na akiipeleka kwa fundi wa mtaani kurekebishwa, amlipe ujira wake pasipo kumvuta shati kwa shilingi chache. Koti la mtumba si aibu kwa mtu yeyote, kama ni safi na limemkaa.

Basi, anayetaka kununua atazame nini? Atazame mabega kwanza. Fundi aweza kupunguza mikono ya koti, kukaza kiuno, na kukunja pindo la suruali kwa kazi ndogo. Lakini bega lililozidi ni kazi ngumu na ya gharama, na mara nyingi huharibu koti. Ajue pia nambari: 40 ni kifua kwa inchi, na suti za Ulaya huandika nusu ya kifua kwa sentimeta, kwa hiyo 40 ile huwa 50. Mara nyingi suruali iliyofungwa pamoja na koti la 40 huwa ya kiuno cha 34. Mwenye tumbo na alikumbuke neno hili kabla ya kulipa. Achague samawati iliyoiva au kijivu cha giza, maana rangi hizo zafaa kazini, arusini na mazikoni, na suti moja yafanya kazi ya tatu. Kitambaa akikunje mkononi, kisha akiachilie: kikirudi chenyewe ni dalili njema. Poliesta tupu ni rahisi, lakini hushika joto. Kwenye jua la pwani chenye sufu nyepesi humfaa mtu zaidi, akikipata kwa bei aiwezayo. Aikague bitana, mishono na matundu ya vifungo. Akifika nyumbani aondoe kile kitambaa cha mkononi, na uzi wa msalaba uliofunga mpasuo wa nyuma. Aitundike kwenye henga yenye mabega mapana, aipige brashi, asiipige pasi ya moto mkali pasipo kuweka kitambaa juu yake.

Ndugu zangu, heshima ya mtu haishonwi kiwandani, wala haipunguzwi bei. Ilikuwapo kabla ya koti, nayo hubaki koti likichakaa. Kazi ya nguo ni kuwaambia wengine kwamba twawaheshimu wao pia. Suti ya bei nafuu, safi, iliyolipwa yote, yaisema kazi hiyo vema, na aliyeivaa aweza kuketi mahali popote, karibu na mtu yeyote, bila hofu ya kuulizwa ni ya nani.