Mama wa Nyumbani na Ng'ombe Wake



Hivi karibuni jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilimzika mama mmoja wa miaka 87. Jamaa waliniomba nisome wasifu wake. Karatasi niliyopewa ilieleza kazi za watoto wake sita, mmoja baada ya mwingine. Yeye mwenyewe alipewa mstari mmoja tu: alikuwa mama wa nyumbani.

Majirani walimjua zaidi ya hapo. Kila alfajiri alikamua ng'ombe kabla ya kuinjika chai. Kila mbuzi wake alikuwa na jina. Kuku akivunjika mguu, alimfunga kijiti kwa kitambaa. Karo ya wale watoto sita ilitoka katika maziwa hayo.

Nilipomaliza kusoma, mumewe akasimama kwa mkongojo. Alisema kwamba mwaka 1984, wakati wa ule ukame mkubwa, aliuza mtamba mmoja bila kumwambia mkewe. Mtamba huyo alikuwa yatima, na mama alimlea kwa chupa tangu alipozaliwa. Aliporudi kutoka mtoni, alikuta kamba tupu. Hakugomba. Alimpakulia mumewe chakula, kisha akaenda kuketi zizini mpaka usiku.

"Nilijiambia ni ng'ombe tu," mzee akasema. "Sikumwomba msamaha hata siku moja. Leo naomba, naye hanisikii."

Ndugu msomaji, kosa halikuwa kuuza. Malisho yalikuwa yamekauka na watoto walihitaji kula. Kosa lilikuwa kuuza bila shauri, kana kwamba jasho la mke si kitu. Mithali 12:10 huhesabu utunzaji wa mifugo kuwa alama ya mtu mwadilifu. Nayo Mithali 31, ikimsifu mke hodari, humtaja mumewe kati ya wanaomsifu. Hata sheria ya Kenya ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inatambua kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shamba kuwa mchango wa kweli katika mali ya familia.

Nanyi mnaopenda wanyama, sikilizeni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inatufundisha kuwatendea wanyama kwa wema, kwa kuwa ni viumbe vya Mungu. Lakini inatuonya pia tusiwape pendo linalowastahili watu peke yao. Basi mwenzako asilale na njaa ya neno jema huku paka ameshiba.

Baba, usiuze kitu cha nyumba kabla hamjaketi pamoja. Mama, ukiumizwa, usiishie zizini na uchungu wako. Mwambie mumeo kwa upole. Na kama kuna kamba tupu katika ndoa yenu, hata ya miaka mingi, ombaneni msamaha leo kabla ya kulala.

Yule mzee nilimkumbusha kwamba tunasadiki ushirika wa watakatifu. Kifo hakikati upendo. Amtolee mkewe Misa, amwombee kila siku. Alikubali, akauliza ni nani atakayekamua jioni ile. Kisha akachukua ndoo, akaenda mwenyewe.

Mungu azibariki ndoa zenu.