Kikombozi na Deni Lake

Wazee wetu walisema kwamba fedha ni fedheha. Hawakusema hivyo kwa kuidharau fedha, maana Ujiji ni mji wa biashara tangu zama za misafara ya pembe na watumwa. Walijua kwamba fedha huweza kutenda uovu mahali ambapo mwenyewe hajapakanyaga. Katika zama hizo tajiri wa Unguja, Taria Topan, alitoa mali kwa mkopo, na Tippu Tip akaingia nayo bara. Vijiji vya Manyema vilipoteketea, mkopeshaji alikuwa mbali. Basi kuuliza ni nani aigharimiaye bunduki si jambo geni katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika.

Swali hilo lilitujia upya usiku wa tarehe 19 Mei, 1975. Watu wapatao 40 wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wakashuka Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, wakawateka vijana wanne waliokuwa wakichunguza maisha ya sokwe: Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Baadhi ya wenyeji waliofanya kazi pale walitishwa ili waseme wageni wengine wamelala wapi, hawakusema. Watekaji walikuwa wa chama cha PRP, kilichoongozwa na Laurent Kabila katika milima ya Fizi. Baada ya siku chache walimrudisha mateka mmoja pamoja na madai yao: fedha, silaha, na kufunguliwa kwa wenzao waliofungwa.

Serikali ya Marekani ilishika msimamo wake wa kutolipa kikombozi. Lakini balozi wake mjini Dar es Salaam, W. Beverly Carter, aliwasaidia jamaa za mateka. Fedha ikalipwa, na kufikia mwisho wa Julai wote wanne walikuwa huru, tena hai. Balozi huyo alipatilizwa na wakubwa wake: ubalozi wa Denmark aliokuwa ametazamiwa kupewa hakuupata.

Nani alikuwa na haki? Wenye kukataa wana hoja nzito. Fedha ya namna hiyo hainunui mbegu wala jembe. Hununua risasi, na humfundisha mtekaji kwamba kazi yake ina faida. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuja kuonya juu ya jambo hilo katika azimio namba 2133 la Januari 2014. Lakini ni nani kati yetu ambaye, mwanawe akiwa kifungoni milimani, angemwambia mama mtu asubiri hoja ishinde? Sisi twaona kwamba aliye chini ya mtutu leo ana haki ya kutangulizwa mbele ya yule ambaye bado hajatekwa.

Walakini mlipaji hawezi kunawa mikono akaenda zake. Mateka akirudi nyumbani, deni ndiyo kwanza limeanza. Fedha iliyotoka ina njia yake: hupita kwa mbeba ujumbe, kwa mwenye chombo, kwa muuza silaha, na kwa mfanyabiashara asiyeuliza bidhaa imetoka wapi. Kuifuata njia hiyo ni haki ya mateka wa kesho juu yetu. Tena yapasa ifuatwe nyayo zingali mbichi. Kabila alikuja kuwa Rais wa Kongo mwezi Mei 1997, na mtu akishakuwa Rais ni wachache wamwulizao hesabu ya zamani. Taifa letu lilitambua wajibu huu baada ya bomu la tarehe 7 Agosti, 1998, lililoua watu 11 Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 2002 ya kuzuia ugaidi iliufanya uchangiaji wa fedha za ugaidi kuwa kosa.

Lakini sheria haiendi gulioni. Aendaye ni askari kanzu. Hujifanya mnunuzi, hula ugali na migebuka katika nyumba anazozichunguza, na huwaita wenyeji wake ndugu. Je, huo si unafiki? Ungekuwa unafiki lau angedanganya kwa faida yake. Yeye hudanganya kwa niaba yetu. Kwa hiyo uongo wake ni wetu sote, na ni juu yetu kuuwekea mpaka.

Mpaka huo ni jirani. Wamanyema na Wabembe wa Ujiji wana jamaa ng'ambo ya ziwa, na tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu imewapokea Wakongo waliozikimbia bunduki hizo hizo. Tukimshuku kila mvukaji, tutakuwa tumemwadhibu aliyeonewa kwa kosa la mwonezi wake. Mvuvi wa dagaa hajaribu kuliangaza ziwa zima. Huiwasha taa yake pale alipotega wavu, na chombo cha mwenzake hukiacha kipite salama gizani.