Mvua Ikikawia, Nani Amekosa?

Katika maboma mengi ya Wajaluo wa Kenya, kuanzia Karachuonyo hadi Nyatike, mbegu haiingii ardhini kwa sababu tu mvua imenyesha. Mwenye boma hutangulia pamoja na mke wake mkubwa, wakafuata wake wengine, kisha wana wa kiume kwa jinsi walivyofuatana kuzaliwa. Hiyo ndiyo golo kodhi. Anayeruka zamu hujiletea chira: mwili unadhoofika bila sababu, watoto wanafariki, shamba linakataa kuzaa.

Anayeumia zaidi ni mjane. Desturi inataka mume na mke walale pamoja usiku wa kuamkia kupanda, kwa hiyo mwanamke aliyefiwa, ambaye bado hajarithiwa, hungoja. Anangoja huku masika ya Machi yakimwagika. Zamani kungoja huko kulivumilika, kwa kuwa msimu ulikuwa mrefu na mtama na wimbi vilistahimili. Siku hizi mvua huchelewa kuanza na pengine hukatika ghafla. Mahindi yaliyopandwa wiki tatu baada ya ya jirani yanafika wakati wa kuchanua ardhi ikiwa kavu, na gunzi linatoka na punje za kuhesabika.

Makanisa yamehubiri dhidi ya mila za aina hii tangu Waadventista wafungue misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Waumini wengi leo hupanda bila kumngoja mtu. Hata hivyo, swali lililo ndani ya mila hiyo halijaondoka: shamba likikataa, je, kuna aliyekosa? Wakristo nao huliuliza. Tarehe 14 Februari 2023, katikati ya ukame mkali, Rais William Ruto aliwaongoza Wakenya katika maombi ya kitaifa ya mvua kwenye Uwanja wa Nyayo jijini Nairobi. Maombi kama hayo aghalabu hutanguliwa na toba, na toba hudai mkosaji.

Basi mkosaji yupo. Hewa imejaa gesi za makaa ya mawe na mafuta yaliyochomwa tangu karne ya 19, kwa sehemu kubwa Ulaya na Marekani, na baadaye China, nazo ndizo zinazovuruga mvua. Wazee walioamini kwamba mvua haiharibiki bila tendo la mtu walikuwa na hoja nzito kuliko walivyojua. Walipokosea ni pale walipomtafuta mtu huyo ndani ya ua wao, wakamkuta mjane na kitinda mimba.

Injili ya Yohana ina kisa cha swali hilohilo la mkosaji, kinachojulikana sana kandokando ya Ziwa Victoria. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alilikataa swali lenyewe, akatengeneza tope, akamponya.

Kwenye mashamba ya huku kuna tiba inayofanana na hiyo, isiyomtafuta mkosaji. Kayongo, gugu lenye maua mazuri ya rangi ya zambarau, hung'ang'ania mizizi ya mahindi na kuyafyonza hata kabla halijachomoza juu ya ardhi. Mkulima huona mahindi yake yamedumaa na kugeuka manjano bila kuona adui, na ni rahisi kudhani amelogwa. Gugu hilo hushamiri kwenye udongo uliochoka na mvua haba. Huko Mbita, watafiti wa icipe, taasisi iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walionyesha kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi, mizizi yake huichochea mbegu ya kayongo iote kisha ikaizuia isishike mahindi, nayo ikafa. Mmea huohuo huwafukuza nondo wa funza wa mashina, hurutubisha udongo, huhifadhi unyevu na kulisha ng'ombe. Hakuna aliyelazimika kutajwa kuwa mchawi.

Hata hivyo, haki haiishii shambani. Anayeleta chira hukiri, akanywa dawa ya manyasi, boma likatakaswa. Mataifa yaliyochafua hewa hayajakiri. Uamuzi ulioandamana na Mkataba wa Paris mwaka 2015 ulisema wazi kwamba kifungu cha hasara na uharibifu unaoletwa na mabadiliko ya tabianchi hakiwezi kuwa msingi wa madai ya fidia. Mfuko wa hasara hizo uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 umekusudiwa kutoa msaada bila kutaja kosa. Kwa mizani ya wazee wa Kijaluo, huko si kutakasa.

Deni hilo la mbali wazee hawawezi kulilipisha peke yao. La nyumbani wanaliweza. Kabla ya masika yajayo, wazee wa Karachuonyo, Suba na Nyatike watangaze hadharani, kwenye baraza na kanisani, kwamba mjane atapanda siku ardhi itakapolowa, na kwamba hatahesabiwa kosa.