Dau Lipandapo

Jioni moja ya juma hili, katika kibanda cha chai kilicho kando ya barabara ya Nyamongo, pahali ambapo vijana waliokwisha kuuza dhahabu yao hukaa kungoja gari la kwenda Tarime mjini, nilimwona kijana mmoja, vumbi la mawe lingali kwenye mikunjo ya vidole vyake, ameinamia simu asisikie hata chai yake ikitajwa bei. Alikuwa akicheza kile kindege cha kamari ambacho siku hizi kila mtu wa wilaya zetu hizi mbili, Tarime na Serengeti, anakijua kwa kukicheza au kwa kulizwa nacho.

Aliweka shilingi 500. Kindege kikapaa, namba ikapanda kutoka moja hadi mbili, akabonyeza, akapata 1,000. Akaweka hiyo 1,000, akapata tena. Akaweka 5,000, kindege kikatoweka kabla hajagusa kioo. Nilidhani atarudi kwenye mia tano zake; kumbe aliweka 10,000, apate, kama alivyomweleza mwenziwe, kuirudisha ile tano na faida yake, nayo ikaliwa; kisha 20,000. Nikamwambia, "Mura, hiyo si pesa ya mtaji wako?" Akanijibu kwa adabu, ingawa macho hakuyainua, "Mzee, hapa panataka nidhamu tu. Mwenye nidhamu haliwi."

Jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku ile, kwa sababu ndani yake mna ukweli uliowekwa pahali pasipo pake, na ukweli wa namna hiyo aghalabu huwapoteza watu wengi kuliko uongo mtupu.

Nidhamu ya dau ipo, nayo ni elimu. Chris Ferguson, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa karata wa poka mwaka 2000, alianza mwaka 2006 kucheza katika intaneti bila ya senti moja mfukoni, akajiwekea kanuni kwamba hataingia katika mchezo wa fedha kwa zaidi ya sehemu tano katika mia ya mali aliyo nayo, na kwamba mali ikipungua atashuka kwenye meza ndogo bila ya kuona haya; na mwaka uliofuata alifikisha dola 10,000. Fikra yake yastahili kutazamwa kwa makini: dau lake halikupimwa kwa ushindi wa jana wala kwa uchungu wa hasara ya leo, bali kwa rasilmali yote, na jambo zito kwake lilikuwa kushuka. Kijana wa Nyamongo alipanda kwa sababu ameshinda, kisha akapanda kwa sababu ameliwa, na hicho anakiita nidhamu.

Utasema: basi tumfundishe kanuni ya Ferguson, naye atapona. Sikubali hata kidogo. Mcheza poka hushindana na watu wenzake, ambao huchoka, hukasirika na kukosea. Mwenye kuendesha mchezo huchukua fungu lake tu, na kinachobaki kinaweza kuchumwa na aliye hodari. Kindege hakichoki wala hakikasiriki. Watengenezaji wa kindege kilicho mashuhuri kupita vyote wenyewe hutangaza kwamba katika kila shilingi 100 zinazowekwa, 97 hurudi kwa wastani. Nawe ukisikia hivyo waona ni hasara ndogo, lakini ukizirudisha zote mchezoni kila mara, baada ya mizunguko 23 wastani wa kilichobaki ni nusu, na mizunguko hiyo haimalizi saa moja. Katika mchezo wa jinsi hiyo mwenye nidhamu huliwa polepole na asiye nayo huliwa upesi, na kila dau lipandapo, zile tatu katika mia hupanda pamoja nalo.

Najua pia kwa nini maradhi haya yameshika hapa kwetu kwa nguvu. Tangu kabla ya mgodi mkubwa wa North Mara kuanza uzalishaji mwaka 2002, watu wetu wamekuwa wakishuka duarani kuchimba dhahabu, wakikaa majuma bila ya kuona hata chembe, kisha siku moja mgao ukawaangukia wote kwa pamoja. Mtu aliyelelewa na riziki ya namna hiyo hupata tabu kuiamini shilingi ijayo kidogo kidogo. Na hali wazee wetu wa Kikurya walikuwa na adabu nyingine kabisa katika zizi: bei ya mnada iwe njema namna gani, mfugaji mwenye akili haswagi kundi lote kwenda Mugumu, na mtamba huwa wa mwisho kufikiriwa kuuzwa.

Wako watakaoniambia kwamba kamari ni halali kwa sheria. Ndivyo, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliiundia bodi yake, inatozwa kodi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Lakini sheria humwambia mtu asichoadhibiwa kwacho, wala haimwahidi kwamba aila yake italala imeshiba. Hata huyo Ferguson, pamoja na kanuni yake ya tano katika mia, alikuwa katika uongozi wa kampuni ya Full Tilt Poker, ambayo mwaka 2011 ilidhihirika kuwa haina fedha za kuwalipa wachezaji walioiachia amana zao. Sioni, basi, kwamba nidhamu ya mezani humlea mtu kwa mambo yaliyo nje ya meza.

Kwa hiyo namwomba yule kijana, na wenziwe wa Sirari, Nyamongo na Mugumu: siku ya mgao, kabla ya kuwasha simu, fedha ya chakula na ada za watoto ikabidhiwe mikononi mwa mama au mke, na ya mtaji inunue mtamba. Atakayeshindwa kuacha na aweke kiasi kimoja kidogo asichokipandisha abadani, ashinde au aliwe. Nami ningalitaka asicheze kabisa.